Neno la Sita

Kilio kilipoanza kusikika kutoka ukumbi wa chini, Mbeleje alidhani ni feni. Feni za mgodini zina tabia hiyo, zikikosa grisi zinalia kama mtoto, na miaka minne ya kukaa chini ya ardhi na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye humfanya binadamu aache kuyaamini masikio yake. Akaendelea kukoroga uji. Mzee Ndahani ndiye aliyeweka kikombe chake mezani.

"Mama Nyemo," akasema taratibu, "feni haiiti mama."

Waliteremka ngazi mbio, Ndahani na goti lake bovu, Mbeleje na mwiko bado mkononi. Ukumbi ulikuwa vilevile ulivyokuwa jana na juzi: safu kwa safu za vitanda vya kioo, kila kitanda na mtu wake, kila mtu na taa yake ndogo ya kijani kichwani. Wilaya nzima ilikuwa imelala pale kusubiri Kiangazi kipite. Wengine walikuwa waamke mwaka wa kumi wafungue mashamba, wazee na watoto mwaka wa kumi na mbili, chakula kikishakuwepo. Walioachwa macho walikuwa wawili tu, fundi wa umeme na mtu wa kompyuta, wakae walinde.

Sasa katikati ya safu kifuniko kimoja kilikuwa wazi, na juu ya godoro alikuwa ameketi mtoto wa kike, ameloa dawa mwili mzima, anatetemeka.

"Mama yuko wapi?"

Mama mwenyewe alikuwa kitanda cha pili, uso umetulia, mikono kifuani. Mtoto alikuwa bado hajageuka. Ndahani alivua koti lake akamfunika, akambeba, na akasimama kwa namna ya kumkinga asikione kile kitanda cha pili.

"Mama kalala, mjukuu wangu. Unaitwa nani?"

"Semeni."

"Semeni, unapenda uji?"

Mtoto akafikiri. "Una sukari?"

"Hiyo iliisha siku nyingi," akasema Ndahani. "Lakini tutajitahidi."

* * *

Mchana, Semeni akiwa amelala usingizi wa kawaida, ule wa watu, Ndahani alikifungua kitanda chake chote. Akapima nyaya, akapima pampu, akanusa bomba la dawa. Kisha akakaa kwenye sakafu, miguu ameinyoosha.

"Kitanda kizima. Hakina kasoro hata moja. Kimefanya kile kile kilichoagizwa. Kimeambiwa miaka minne, kimemlaza minne, kimemwamsha."

"Aliandikiwa kumi na miwili, Mzee. Watoto wote ni kumi na miwili."

"Mimi nakwambia kilichoambiwa. Nani alikiambia, hilo uliza kwingine."

Hakukuwa na kwingine. Vitanda viliambiwa miaka yao na mtu mmoja tu, naye alikuwa amesimama pale na tochi mkononi.

Mbeleje alikwenda kwenye chumba cha kompyuta akafungua faili la wilaya. Halikuwa faili la ajabu. Lilikuwa maandishi matupu, mstari mmoja kwa mtu mmoja, na katika kila mstari maneno sita yaliyotenganishwa kwa nafasi: namba ya kitanda, jina, jina la baba, kijiji, umri, miaka ya kulala. Makarani waliagizwa hivyo, neno moja kila mahali, basi. Vitanda navyo havikutaka habari nyingi. Vilitaka namba na miaka, mengine ni porojo. Kwa hiyo Mbeleje aliandika skripti fupi, mistari mitatu, kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekiandika huku anatafuna karanga: soma mstari, ukate penye nafasi, toa neno la kwanza na neno la sita. Mengine tupa.

Aliijaribu kwa kata ya mjini. Ikatoa sawasawa, safu mbili safi. Akaridhika. Malori yalikuwa yamepanga foleni mlangoni, watoto wanalia, wakubwa wanapiga simu kila baada ya dakika. Akabonyeza, wilaya nzima ikapita.

Sasa akautafuta mstari wa Semeni, akausoma.

0314 Semeni marehemu Hamisi Mlowanzi 4 12

Akausoma tena. Halafu akahesabu maneno kwa kidole kwenye kioo, kama mtoto anayejifunza kusoma. La sita lilikuwa nne. Kumi na mbili lilikuwa la saba.

"Lo!" akasema, peke yake. "Lo, mimi!"

Mjini makarani walinakili majina kutoka kwenye vitambulisho, na kitambulisho hakina adabu, kinamtaja aliyekufa kama kinavyomtaja aliye hai. Vijijini mambo si hayo. Vijijini karani aliketi kwenye kigoda uani kwa watu, akauliza, akajibiwa. Na nani kwetu anamtaja baba aliyelala kaburini kwa jina tupu, kama anayemwita jirani ng'ambo ya ua? Watu walisema marehemu Hamisi, karani akaandika marehemu Hamisi. Angeandika nini? Adabu ya watu iliongeza neno moja kwenye mstari, skripti ikahesabu hadi sita na kuishia kwenye umri.

Kwa hiyo kila aliyefiwa na baba alipewa dawa ya umri wake. Dawa yenyewe ilipimwa siku ya kwanza na kuingia mwilini yote kwa mpigo, haipunguzwi wala haiongezwi. Waliwahi kujaribu kwa mbuzi, wakazika mbuzi.

Mbeleje alimtafuta mama yake, ingawa alijua atakachokikuta. Umri hamsini na nane. Mama yake angelala miaka hamsini na minane, na paneli za jua kule juu, kwa kauli ya Ndahani mwenyewe, zikijitahidi sana zitafika ishirini. Na nani mzee ambaye baba yake yu hai? Wazee wote wa vijijini, na nusu ya watu wazima, walikuwa wamezikwa tayari, huku taa zao za kijani zinawaka vizuri tu.

Watoto waliofiwa na baba wangeamka. Hao ndio wangeamka mapema mno. Chini ya miaka minne hakulazwa mtu, na katika wale wa minne aliyefiwa na baba alikuwa Semeni peke yake. Mwakani ni zamu ya wale wa miaka mitano, nao ni wengi. Mwaka wa kufuata ni wale wa sita.

Aliuacha mstari mmoja bila kuutafuta. Hakuwa na haja. Siku ya kuandikishwa alikuwa amesimama nyuma ya karani, amemshika mwanawe Nyemo mkono, na karani kwa sababu ya joto au uchovu aliandika tu Yoweli. Mbeleje ndiye aliyemgonga begani.

"Kaka, huyo mume wangu hayupo duniani. Mwandike kwa heshima yake."

"Samahani dada," karani akasema, akafuta, akaandika upya. Nyemo marehemu Yoweli. Miaka sita.

Mbeleje aliinamisha kichwa kwenye meza ya kompyuta, akalia hadi mikono ikalowa. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini anayesema hivyo mara nyingi si yeye aliyeangusha mtungi.

* * *

Alimweleza Ndahani yote, hakuficha hata nukta. Alitegemea atukanwe. Ndahani alikuwa mtu wa Chigwe, mkali, aliyewahi kumkaripia mkuu wa mkoa hadharani kwa kuegemea transfoma. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Semeni aliyekuwa anachezea bisibisi zake mezani, akizipanga kwa zamu, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo.

"Mwanangu Mwaluko?" akauliza hatimaye.

"Mwaluko yuko salama. Wewe u hai, Mzee. Mstari wake una maneno sita."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili."

Ndahani akashusha pumzi, na papo hapo akaona haya ya kushusha pumzi. Akainuka akaenda kusimama karibu na ghala.

Ghala la walinzi lilijazwa chakula cha watu wawili kwa miaka kumi na miwili, kwa kubana. Ghala la pili lilikuwa la mbegu, na ndizo wangezipanda watakaoamka mwaka wa kumi. Redio ilikuwa kimya tangu mwaka wa pili. Nje hakukuwa na kitu kinacholiwa wala mtu wa kukiomba, ni vumbi na upepo wa moto, na bila barakoa ya hewa mtu hamalizi kusema shahada.

"Mama Nyemo, tuseme ukweli," Ndahani akasema bila kugeuka. "Huyu mmoja tutamlea. Mwakani wakiamka wale, chakula hakifiki popote. Mwaka wa kufuata watakuja wengine, watukute tunaguguna magunia. Tutakwenda kwenye mbegu. Utamnyima mtoto anayelia? Humnyimi. Nami simnyimi. Tutazila mbegu zote, na mwaka wa kumi watu wataamka wapande mchanga. Hapo tumeua wilaya nzima, hata wale ambao skripti yako iliwaacha."

"Unataka nini, Mzee?"

"Kitanda kinaweza kuzimwa mtu akiwa bado amelala."

Mbeleje akamgeukia Semeni pale mezani.

"Hajui kitu," akasema Ndahani. "Hasikii. Pampu inapungua, inapungua, basi. Mimi najua waya, lakini kuzima kimoja kimoja kwa mkono siwezi, nitafika cha tatu nitajitupa kisimani. Wewe unajua kuiambia mashine mara moja. Waliofiwa na baba, walio chini ya miaka kumi. Andika."

"Nyemo yumo."

"Najua yumo."

"Unajua, na unanitazama machoni ukaniambia niandike?"

"Sikutazami machoni," akasema Ndahani, na kweli alikuwa bado ameupa ukuta uso. "Ungekuwa wewe ndiye fundi na mimi ndiye mwenye kompyuta, ungeniambia hivi hivi."

Semeni aliangusha bisibisi, ikalia sakafuni. "Babu, imeanguka," akasema. Ndahani akageuka, akapiga goti lake bovu, akaiokota.

* * *

Aliandika. Msimhukumu upesi, kukaa na hesabu ile kila siku, ukiirudia na jibu likawa lile lile, kunamtoa mtu utu wake kidogo kidogo. Alikuwa ameanza kuwaza kwamba pengine huo ndio wema uliobaki, watoto wasiamke wakajua njaa. Na skripti ilikuwa rahisi, hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Safari hii hakuhitaji hata kuhesabu maneno. Tafuta mstari wenye neno marehemu, soma umri, kama ni chini ya kikomo toa namba, peleka kwenye vitanda amri ya kuzima. Mistari mitatu tena.

Aliiwekea njia mbili, moja ya kuonyesha majina tu, nyingine ya kuzima kweli. Akaendesha ile ya kuonyesha. Majina yakashuka kwenye kioo, yakashuka, akaliona la Nyemo linapita. Akafunga kompyuta.

Siku zikaenda hivyo. Skripti ipo, haibonyezwi. Kila mmoja alimngoja mwenzake aizungumzie, na kila mmoja alishukuru mwenzake aliponyamaza. Semeni alizoea. Asubuhi alimpa Ndahani shikamoo yake, akajibiwa marahaba mjukuu wangu, akakaa mapajani pake akila nusu ya uji wake, kisha nusu ya uji wa Ndahani. Mzee alianza kukonda. Alikuwa anasema hana njaa, na Mbeleje alikuwa anajifanya anaamini.

Mtoto akagundua kitanda cha mama yake, kama ilivyotazamiwa. Alikuwa akikaa pale akigonga kioo kwa kidole. "Ataamka lini?" Umri wa mama ulikuwa ishirini na saba, naye pia alifiwa na baba. Mbeleje alisema, "Bado bado," na Ndahani akatoka ukumbini.

Jioni moja wakiosha vyombo mzee alisema, "Kile kitu nilichokuomba."

"Ipo tayari."

"Nilikuomba jambo ambalo mimi mwenyewe siwezi kulitazama. Huo si uanaume." Akapangusa kikombe chake muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. "Sikwambii uifute. Hesabu ni ile ile, sijaona nyingine. Ila isiwe kwa sababu mimi nimesema. Na Mwaluko akiamka, usimwambie kwamba baba yake aliomba kitu kama kile."

"Utamwambia utakalo wewe mwenyewe, Mzee."

"Haya," akasema Ndahani. "Kesho napanda kupangusa paneli, vumbi limezidi. Usinisubiri kunywa chai."

Asubuhi Mbeleje alikuta kikombe cha Ndahani kimefunikwa mdomo chini mezani, pahali pake pa siku zote. Kando yake bisibisi zilikuwa zimepangwa, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Alichelewa kuelewa. Alichota maji, akawasha jiko, ndipo jicho lake likaenda mlango wa kutokea, kwenye misumari miwili. Barakoa zilikuwa mbili. Zote mbili zilikuwa zimetundikwa.

Alikimbia hadi mlangoni. Kwenye kidirisha taa ilionyesha umefunguliwa mara moja na kufungwa, zamani, yeye na mtoto wakiwa bado usingizini. Aliupiga mlango kwa viganja, akaita Mzee, akaita Baba, jina ambalo hakuwahi kumwita. Upande wa pili kulikuwa na upepo tu.

Semeni alikuja nyuma yake akavuta kanga yake. "Babu yuko wapi? Sijamwamkia."

Mbeleje alichuchumaa, akamkumbatia.

* * *

Palikuwa na jambo moja la kufanya, na alilifanya siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuwa na mwili wa kuosha wala kaburi la kuchimba. Alifungua faili la wilaya. Aliutafuta mstari wa Mwaluko, mtoto wa Chigwe aliyelazwa na miaka minane, akaweka kishale mbele ya jina la baba yake. Akaandika, Mwaluko marehemu Ndahani.

Haikumdhuru Mwaluko. Dawa yake ilishapimwa, miaka yake kumi na miwili ilikuwa imo mwilini. Lilikuwa neno la heshima tu, kwa mtu aliyejitoa ili bakuli lake liwe la mwingine.

Halafu akaikumbuka ile skripti. Mkono ulikuwa mzito, lakini mtu aliyekwisha kosea mara moja kwa kutohakikisha hawezi kuacha kuhakikisha. Akaendesha ile njia ya kuonyesha. Majina yakashuka kama siku ile, Nyemo akapita, na mwishoni kabisa, chini ya wote, pakaongezeka jina. Mwaluko.

Alikaa akilitazama. Dawa njema kabisa ipo: ongeza sharti moja, mruke Mwaluko. Vidole vyake vilianza kuliandika. Vikasimama. Mruke Mwaluko kwa sababu gani? Kwa sababu yeye Mbeleje alikula meza moja na baba yake? Basi mruke na Nyemo, aliyemzaa mwenyewe. Na yule wa juu ya Nyemo, je, hakuwa na baba aliyeacha bakuli lake kwa mtu? Au aliondoe neno, Ndahani abaki ametajwa hivi hivi, kama mtu aliyetoka kupangusa vioo na atarudi kunywa chai? Nani angeona? Hakuna aliye macho wa kuona.

Angeona yeye. Alilia, kisha akaifuta skripti, si kwa ushujaa, maana hesabu ilikuwa ile ile aliyosema mzee, na bakuli la Ndahani halikuibadilisha ila kidogo. Mwakani wangeamka, mwaka wa kufuata angeamka Nyemo, na mahali fulani kabla ya mwaka wa kumi wangeufungua mlango wa mbegu kwa mikono yao. Alilijua hilo alipobonyeza. Hakuliona jingine aliloweza kulifanya na akabaki mtu.

Alirudi jikoni. Alipima unga, akautazama, akarudisha nusu kwenye gunia, akaongeza maji. Uji ulitoka mwepesi, unaona chini ya bakuli. Semeni aliunywa wote akiwa amekaa kwenye kiti cha Ndahani, akalamba kijiko mgongo na uso, akanyoosha bakuli.

"Naomba tena."

"Kesho," akasema Mbeleje.